Tuwape Vijana Usiku Mmoja? Muziki wa Makelele na Wajibu wa Usharika

(Hotuba iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa wajumbe wa kamati za sharika, Dirma. Tunaichapisha kwa faida ya sharika nyingine na wabia wetu.)



Ofisi ya Miradi tumeombwa kuzungumzia ombi moja ambalo limezua maneno mengi kuliko bajeti ya kisima. Vijana wanaomba usiku mmoja katika uwanja wa usharika. Wanataka vikundi vipige kwa zamu, vya magitaa ya umeme, vya singeli, na kwaya ya vijana nayo ikipenda. Hawajaomba fedha nyingi. Wanaomba uwanja, jenereta na ruhusa.

Baadhi ya wazee wamesema kanisa si ukumbi wa dansi. Wengine wamesema tukiwanyima uwanja wataupata kilabuni, mahali ambapo hakuna mzee wa kanisa wa kuwaangalia. Hoja zote mbili zina uzito. Kwa hiyo tumeona vema, kabla ya kupiga kura, tuangalie yaliyowapata wenzetu waliokutana na jambo kama hili.

Muziki wenyewe ni upi

Vijana wameandika katika barua yao kwamba wanapenda pia muziki wa panki. Wengi wetu tukisikia neno hilo tunakumbuka mtindo wa kunyoa nywele, au yale mapanki ya Mwanza, yaani vichwa na mifupa ya sangara inayobaki baada ya minofu kwenda kiwandani. Panki inayosemwa hapa ni muziki ulioanza katikati ya miaka ya 1970 katika majiji ya New York na London. Vijana wengi wa London wakati ule hawakuwa na kazi. Walichukua magitaa ya bei nafuu, wakajifunza sauti mbili tatu tu, wakapiga kwa kasi na kwa kelele. Msingi wa muziki huo ni kwamba huhitaji kuwa fundi ili upande jukwaani. Ukiwa na la kusema, panda ukaseme.

Kwetu Tanzania jambo lililo karibu zaidi na hilo ni singeli. Muziki huu ulizaliwa Dar es Salaam, katika mitaa kama Tandale, Manzese na Mburahati, kwenye sherehe za usiku za mtaani zinazoitwa vigodoro. Vijana walichukua vipande vya taarabu, wakaviharakisha kwa kompyuta, na mwingine akashika kipaza sauti akatema maneno juu yake. Mapigo yake hufika 200 hata 300 kwa dakika. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya 60 na 100, kwa hiyo mzee anayesema muziki huu unamwendesha mbio hajakosea.

Vigodoro vilipata sifa mbaya kwa ulevi, ngono na ugomvi, na viongozi wa serikali wamevipiga marufuku mara kadhaa. Hatuwezi kuficha hilo. Hata hivyo, katika vichochoro vilevile vijana walijenga studio zao. Mwaka 2017 kazi za studio ya Sisso ya Mburahati zilikusanywa na kutolewa na lebo ya Kampala, na baada ya hapo vijana hao wakaalikwa kupiga Ulaya. Kelele iliyodharauliwa ikawa ajira kwa baadhi yao.

Tusijidanganye kwamba kila kikundi cha Dirma kitafika Ulaya. Tunalosema ni kwamba kijana anayejifunza kufunga spika, kuendesha mitambo, kugawa zamu na kukusanya kiingilio amejifunza kazi. Katika taarifa zetu za miradi tunaita hilo kujenga uwezo.

Kanisa letu na nyimbo zilizotiliwa shaka

Ndugu wajumbe, tukumbuke historia yetu wenyewe. Wazee wetu walipopokea Injili, ngoma na nyimbo za asili ziliachwa nje ya mlango katika maeneo mengi. Tuliimba tenzi kwa sauti za Kijerumani na za Kiskandinavia. Baadaye walitokea watu walioona tofauti. Pale Makumira mmisionari Howard Olson alikusanya nyimbo zenye sauti za makabila yetu ili zitumike ibadani. Mchungaji Bernard Kyamanywa aliandika wimbo wa Pasaka "Mfurahini, Haleluya", unaoimbwa kwa sauti ya Kitanzania. Leo wimbo huo, kwa tafsiri, umo katika kitabu cha nyimbo cha Kanisa la Kiinjili la Ujerumani. Sauti ya kwetu imerudi kwa wale waliotuletea tenzi.

Hatusemi singeli itakuwa wimbo wa Pasaka. Tunasema kwamba kizazi kimoja si mwamuzi mzuri wa sauti ya kizazi kinachofuata. Hata Zaburi ya 150 haikuchagua vyombo vya upole peke yake.

Walutheri waliofungua mlango

Wabia wetu kutoka Ujerumani huenda wanaijua habari hii kuliko sisi, lakini sharika zetu nyingi hazijawahi kuisikia. Katika Ujerumani ya Mashariki, chini ya utawala wa kikomunisti, kikundi cha muziki hakikuruhusiwa kupiga hadharani bila kibali cha kamati ya serikali iliyokipima. Vijana wa panki hawakuweza kupata kibali hicho. Walifukuzwa mikahawani, walisimamishwa barabarani na polisi, na wengine walipoteza nafasi za masomo na kazi.

Mahali palipobaki ni kanisa, kwa kuwa shughuli za ibada ndani ya majengo ya kanisa hazikuhitaji kibali hicho. Kuanzia mwaka 1979 hadi 1986 Mchungaji Rainer Eppelmann wa Kanisa la Msamaria, Berlin, aliendesha ibada zenye muziki wa bluzi, na vijana wakaja kwa maelfu. Tarehe 30 Aprili 1983 Kanisa la Kristo katika mji wa Halle lilipokea vikundi vya panki kutoka miji mbalimbali. Lilikuwa tamasha dogo, la vyombo vibovu na vurugu za hapa na pale. Miongoni mwa waliopiga ni kikundi cha Berlin kilichoitwa Namenlos, maana yake "wasio na jina".

Sharika hazikukubaliana kwa urahisi. Washarika walilalamikia uchafu, pombe, kelele na nywele zilizosimama kama miiba. Swali lao lilikuwa hili hili letu: hawa wamekuja kumtafuta Mungu, au wamekuja kutafuta paa? Walioamua kuwapokea hawakusubiri jibu. Waliona kwamba mtu aliyefukuzwa kila mahali ni jirani.

Gharama ilikuwepo. Agosti 1983 wanamuziki wa Namenlos walikamatwa, na baadhi yao walihukumiwa kifungo cha zaidi ya mwaka mmoja kwa sababu ya maneno ya nyimbo zao. Hawakuwa wamempiga mtu wala kuiba kitu.

Miaka minne baadaye, tarehe 17 Oktoba 1987, kulikuwa na onyesho katika Kanisa la Sayuni, Berlin. Watu walipokuwa wakitoka, genge la vijana wenye chuki, wafuasi wa mawazo ya Kinazi, liliwavamia na kuwapiga. Polisi walikuwa karibu na hawakuingilia.

Tumeyachukua mambo mawili katika habari hiyo. Kwanza, maneno ya vijana ndiyo yaliyowatisha wakubwa kuliko kelele yao. Pili, hatari ilikuwa mlangoni, wakati wa kutoka.

Usalama: hapa tusifanye mzaha

Afrika Mashariki tumeona vifo. Oktoba 2008, siku ya Idd el-Fitr, watoto wapatao 20 walikufa kwa kukosa hewa na kukanyagana katika disko la watoto mjini Tabora. Asiyependa dansi atasema hiyo ndiyo dansi. Lakini tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana katika mkutano wa maombi, wakikimbilia kupita juu ya mafuta ya upako. Hapakuwa na gitaa la panki pale. Umati ukiwa mkubwa na njia ikiwa nyembamba, mauti haiulizi kama mlikuwa mnasali au mnacheza.

Tuangalie pia Uganda. Kule Jinja lilianzishwa tamasha mwaka 2015 ambalo jina lake hatutalitamka hapa, kwa maana kwa Kiswahili linatia aibu, ingawa wenyewe wanasema kwa Kiganda ni hamu ya ghafla ya kucheza. Mwaka 2018 waziri wa maadili, aliyekuwa zamani padri, alilipiga marufuku, kisha likaruhusiwa. Mwaka 2022 Bunge likalikataa, na Waziri Mkuu akaliruhusu kwa masharti. Mara zote mbili marufuku haikudumu. Kilichobaki kuzungumzwa ni masharti. Sisi tungeanza na masharti moja kwa moja.

Ofisi ya Miradi tunapendekeza yafuatayo:

1. Kibali cha Halmashauri na taarifa kwa polisi na Serikali ya Kijiji vipatikane kwa maandishi kabla tangazo halijatolewa.

2. Uwanja uwe na njia mbili za kutokea, pana, zenye taa, na zisifungwe hata kama wako wanaoingia bila kulipa. Heri hasara ya kiingilio.

3. Dizeli ya jenereta itoshe hadi mtu wa mwisho afike barabarani. Taa zisizimwe pamoja na muziki.

4. Muziki ukome saa nne usiku. Wasichana warudi kwa makundi ya mtaa mmoja mmoja, wakisindikizwa na akina mama na wazee waliopangwa kwa majina. Mwenye bodaboda asiyejulikana asichukue abiria langoni.

5. Pombe isiingie. Gongo haina sherehe ya vijana.

6. Hesabu zishikwe na vijana wenyewe, wazisome mbele ya usharika Jumapili inayofuata.

Maneno ya nyimbo

Limebaki jambo gumu. Mjumbe mmoja ametuuliza: je, wakipanda jukwaani wakaisema kamati? Wakaimba juu ya mahari inayopanda kila mwaka, juu ya mashamba ambayo baba hagawi, juu ya michango isiyosomwa?

Tunajibu kwamba matusi na kuchochea kabila dhidi ya kabila lazima yakatazwe. Katika wilaya zetu za Mbulu na Hanang Wairaqw, Wadatoga, Wanyiramba na Wanyaturu wanagawana malisho na maji. Wimbo wa kumdhalilisha jirani unaweza kumwaga damu. Lakini wimbo wa kumsema mzee kwa jambo la kweli, huo tuuache. Katika semina tunawahimiza vijana washiriki maamuzi. Kisha tunawapa kiti cha nyuma, na wakisema tunawaambia muda umekwisha. Mwenye kipaza sauti hawezi kuambiwa hivyo. Kama tunaogopa kitakachosemwa usiku mmoja, basi tukisikilize zaidi.

Tusisahau pia tunazungumza juu ya nani. Tope liliposhuka kutoka Mlima Hanang tarehe 3 Desemba 2023 likaifunika sehemu ya Katesh na vijiji jirani, hakuna aliyewauliza vijana wanasikiliza muziki gani kabla ya kuwapa koleo. Tuliwaita, wakaja. Mtu unayemwita wakati wa msiba usimwone mgeni wakati wa furaha.

Kwa wabia wetu

Ndugu wabia, hatuwaombi mgharimie tamasha hili. Sauti za Busara ya Zanzibar, iliyoanza mwaka 2004 na kupata sifa duniani, haikufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha, ikarudi mwaka 2017. Kama tamasha kubwa hivyo linaweza kukwama, la kwetu linalotegemea bahasha ya mfadhili litakufa mwaka wa pili. Vijana walipie jenereta kwa kiingilio chao na kwa kuuza chai na maandazi. Kwenu tunaomba jambo moja la kudumu: mafunzo ya ufundi wa mitambo na umeme, ambayo yatabaki mikononi mwao hata muziki ukibadilika.

Ndugu wajumbe, kura ni yenu. Maoni ya Ofisi ya Miradi ni kwamba vijana wapewe usiku huo, kwa masharti tuliyoyataja, na kwamba wazee waje. Wasije kulinda tu. Waletewe viti, wakae mbele, wasikie. Wakishindwa kuvumilia kasi ya singeli, wavumilie angalau maneno.