Daktari wa Mbwa Ana Kazi Gani?



Mzazi mmoja aliniuliza, "Binti yangu anataka kuwa daktari wa mbwa na paka. Nilipe karo kwa mchezo huo?" Najua wengi hapa mngecheka pia. Ng'ombe anatupatia maziwa, lakini mbwa je?

Basi sikilizeni. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, karibu kila mara ni kifo. Na karibu wagonjwa wote huwa wameumwa na mbwa. Kwa hivyo anayechanja mbwa analinda watoto wetu. Wakichanjwa 70 kati ya kila 100, ugonjwa hukosa njia.

Wala masomo yake si mchezo. Ni miaka 5 katika Chuo Kikuu cha Nairobi, huko Kabete. Husomea ng'ombe, mbuzi na kuku pia, kisha husajiliwa na bodi.

Wazazi, msimcheke huyo msichana. Mwenye mbwa, mpeleke achanjwe kila mwaka. Na mtoto akiumwa, osha kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, halafu hospitali mbio, hata kikiwa kidogo.