Koko Asibaki Kitini

Kwenye maporomoko ya Wagenia, mvuvi anayepanda juu ya magogo kwenda kukagua vikapu vyake vya samaki hana haraka. Magogo yamechomekwa kwenye mashimo ya mwamba na kufungwa kwa kamba za mwituni; chini yake mto Kongo unanguruma. Magoti yake yamelegea kidogo, kifua kimekaa juu ya nyayo, na mguu wa mbele unapapasa kwanza, ndipo unapewa uzito. Kisangani nzima inaujua ustadi huo, na wageni hupelekwa kuutazama.

Huku kwenye komuni za Mangobo na Kabondo, watu wazima wanaanguka mahali pasipo na maporomoko yoyote. Koko, yaani bibi au babu, anaamka usiku kwenda choo cha nje. Umeme umekatika, mvua ya jioni imelainisha udongo wa parseli, kandambili zimelika kisigino. Mguu unateleza, mkono unatafuta ukuta na kuukosa. Asubuhi majirani wanasikia kwamba hawezi kusimama, na wengi wanatoa jibu lilelile: ni uzee.

Jibu hilo halitoshi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Ukiondoa ajali za barabarani, hakuna ajali nyingine inayoua watu wengi kiasi hicho. Wanaokufa zaidi ni waliovuka miaka 60.

Hata anayepona huwa amepoteza mengi. Mfupa wa nyonga ukivunjika, mgonjwa anahitaji upasuaji mapema. Asipoupata, atalala majuma mengi, na kitandani ndiko yanakomkuta mengine: vidonda vya mgongo, homa ya mapafu, damu kuganda miguuni. Binti anaacha biashara yake sokoni ili amgeuze mama yake asubuhi na jioni. Wajukuu wanakosa karo.

Ili mtu asimame wima, macho yanapima umbali, sikio la ndani linatambua kichwa kimeelekea wapi, mishipa ya fahamu ya nyayo inaeleza ardhi ikoje, na misuli ya mapaja inarekebisha kila kosa kabla halijawa anguko. Mtoto wa jicho hufifisha macho. Kisukari hutia nyayo ganzi. Dawa za presha na za usingizi huweza kuleta kizunguzungu mtu anapoinuka ghafla. Misuli nayo hupungua kadiri miaka inavyosonga, hasa isipotumiwa.

Na hapo kwenye kutotumiwa misuli kuna jambo ambalo familia za Kisangani zinalifanya kwa upendo mtupu. Mzee akishaanguka mara moja, watoto wanamwekea kiti barazani. "Koko, keti tu, usijisumbue." Maji analetewa, sahani inachukuliwa mkononi mwake, hata ndala anasogezewa. Naye ameshaingiwa na hofu ya kuanguka tena, kwa hiyo anakubali. Miezi inapita, mapaja yanakonda, na siku anapolazimika kuinuka peke yake, miguu ni dhaifu kuliko siku ile ya kwanza. Heshima hiyo inatoka moyoni, lakini inamnyang'anya mzee nguvu alizobaki nazo.

Uchina ina zoezi linalojibu hali hii moja kwa moja. Taichi ilianza kama sanaa ya kupigana. Historia yake inahusishwa sana na kijiji cha Chenjiagou, mkoa wa Henan, katika karne ya 17. Mwaka 1956 mamlaka ya michezo ya Uchina ilitoa mfululizo mwepesi wa miondoko 24 ili watu wa kawaida waweze kuufuata, na mwaka 2020 UNESCO iliiingiza taichi katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Leo wazee huifanya asubuhi kwenye bustani za miji, bila mashine wala sare.

Mwondoko wake wa msingi ni rahisi kuueleza. Mtu anasimama miguu ikiwa imeachana kwa upana wa mabega, magoti yamelegea, mgongo umenyooka. Anahamisha uzito polepole kwenda mguu wa kulia mpaka wa kushoto uwe mwepesi kabisa. Anauinua, anaupeleka pembeni au mbele, kisigino kinagusa kwanza, halafu uzito unafuata taratibu. Mikono nayo inatembea mbele ya kifua, macho yakiifuata. Anayeanza hushika mgongo wa kiti. Katika hatua hiyo moja, mwili unajizoeza kusimama kwa mguu mmoja, kugeuka, na kujirudisha katikati kabla ya kuanguka.

Matokeo yake yamepimwa. Huko Oregon, Marekani, mtafiti Li Fuzhong na wenzake waliwafuatilia watu 670 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, waliokuwa wameshaanguka au wenye shida ya kutembea. Walifanya mazoezi ya saa moja mara mbili kwa juma, kwa majuma 24. Ripoti yao ya mwaka 2018 ilionyesha kwamba kundi la taichi lilianguka kwa asilimia 58 pungufu kuliko kundi lililofanya mazoezi ya kunyoosha viungo. Mwaka 2019 mapitio makubwa ya mtandao wa utafiti wa Cochrane yalikusanya majaribio 108 yenye watu zaidi ya 23,000. Yalikuta kwamba mazoezi kwa jumla hupunguza kuanguka kwa takriban asilimia 23. Kwa taichi peke yake punguzo lilikuwa karibu asilimia 19, ingawa ushahidi wake ulikuwa hafifu zaidi. Yenye ushahidi imara kuliko yote ni mazoezi ya kujisawazisha pamoja na ya kazi za kila siku, kama kuinuka kitini na kupanda ngazi.

Wapo watakaosema kwamba mama wa Kisangani anayebeba mzigo kutoka kwenye pirogi ya Lubunga, ng'ambo ya mto, hana haja ya mazoezi. Kazi hiyo inajenga nguvu, ni kweli. Lakini haimfundishi mtu kurudi nyuma hatua moja, kugeuka mahali pembamba, au kujidaka anapoteleza. Tena kazi hukoma: kwa ugonjwa, kwa kustaafu, kwa watoto kukataza. Kuanzia hapo mwili unahitaji kitu cha kushika nafasi yake.

Na kuhusu aibu ya mzee kufanya mazoezi mbele ya watu, Nairobi imeshajibu. Katika mtaa wa Korogocho, nyanya wa kundi la Shosho Jikinge walijifunza kupiga ngumi na mateke ili wajilinde dhidi ya wabakaji, wengine wakiwa wamepita miaka 70. Ikiwa bibi wa umri huo anaweza kurusha teke, koko wa Kisangani anaweza kuhamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine.

Kwa kweli wengi tayari wanafanya hivyo kila Jumapili. Misa ya Kizaire, iliyoidhinishwa na Roma mwaka 1988, ina maandamano ya kucheza, na wazee huyumba kulia na kushoto na wenzao. Ushahidi wa kisayansi juu ya kucheza na kuanguka bado ni mdogo, kwa hiyo dansi hiyo haiwezi kuchukua nafasi ya mazoezi yaliyopimwa. Lakini inaonyesha kwamba uwanja upo, watu wapo, na mdundo upo.

Kinachokosekana ni mtu wa kuanzisha. Ibara ya 49 ya Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inawapa wazee haki ya hatua maalumu za kulindwa kulingana na mahitaji yao ya kimwili. Chuo Kikuu cha Kisangani kina kitivo cha tiba, na chuo cha ufundi wa tiba, ISTM, kinafundisha wauguzi. Zoni za afya zina reko, wahudumu wa jamii wanaoingia parseli kwa parseli kuhamasisha chanjo na vyandarua. Wao wanaweza pia kumuuliza kila mzee swali moja: umeanguka mwaka huu? Wanaweza kumtazama akiinuka kitini bila kutumia mikono, kuuliza anameza dawa gani, na kumwambia mjukuu asafishe njia ya choo, afunge kamba ya kushikilia, aweke tochi karibu na mto wa kulalia.

Tarehe 1 Oktoba kila mwaka ni siku ya kimataifa ya wazee. Mwaka huu parokia moja tu, au uwanja mmoja wa shule, ungetosha kuanzia: viti ishirini imara, muuguzi aliyejifunza miondoko minane ya taichi, saa moja mara mbili kwa juma. Na daftari liwepo, la kuandika nani alianguka, wapi, saa ngapi. Baada ya miezi sita mganga mkuu wa zoni atakuwa na hesabu za Kisangani yenyewe mezani, na atakapokwenda kuomba bajeti atakuwa na cha kuonyesha.