Ada ya Kila Siku na Azma ya Mwaka: Ibra ya Matuta ya Ukambani



Nimeombwa niseme juu ya namna mtu awezavyo kujiwekea malengo na ada za kila siku zitakazomhifadhia ari yake isipotee, na madhali tumekutanika hapa Lukenya, penye kilima cha majabali kinachotazama viwanda vya Athi River upande mmoja na malisho ya mifugo upande wa pili, sikuona sababu ya kwenda kutafuta mifano ghaibu kabla ya kuitazama ardhi iliyo chini ya nyayo zetu. Dai langu ni moja, nami nalitaja mapema ili asiyeliafiki apate muda wa kuandaa hoja zake: ari haitangulii kazi, huifuata, na mtu angojaye moyo wake uchangamke ndipo aanze, aghalabu mwaka humwishia angali akingoja.

Katika miaka ya 1930 nchi ya Ukambani ilikuwa imechakaa. Mvua zilipokuja zilichukua udongo, makorongo yakapasua vilima, na maafisa wa serikali ya kikoloni, akiwamo Colin Maher aliyeikagua wilaya ya Machakos mwaka 1937, waliandika habari zake kwa lugha ya watu waliokata tamaa. Dawa iliyochaguliwa kwanza ilikuwa kupunguza mifugo kwa nguvu. Mwaka 1938 ng'ombe walikamatwa na kuuzwa kwa bei hafifu, na kiwanda cha nyama cha kampuni ya Liebig kilikuwa hapo hapo Athi River, mwendo mfupi kutoka hapa tulipoketi, tayari kuwapokea; ndipo Muindi Mbingu alipouongoza umati wa Wakamba, wanaume kwa wanawake, kwenda Nairobi kumtaka Gavana awasikilize, wakakaa huko majuma kadhaa wasikubali kutawanyika. Mbingu alihamishiwa Lamu kwa adhabu, walakini kabla ya mwaka kwisha amri ile ya mifugo ilikuwa imebatilishwa.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ikaleta tadbiri nyingine, nayo ni matuta. Watu walitolewa majumbani siku maalumu za juma wakachimbe kwa amri, machifu wakiwasimamia, na mtu asiyefika akijua kuwa yatamfika. Wakachimba, kwa kuwa hawakuwa na hiari. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963 na shuruti ikalegea, sehemu kubwa ya kazi ile iliachwa ikabomoka, kwa sababu machoni pa wengi lilikuwa tuta la Mzungu. Lau kisa kingekoma hapo, kingetosha kuwaonya wakubwa wote wa ofisi na shule wanaowapangia walio chini yao malengo kisha wakastaajabu kwamba hakuna anayeyajali siku mkubwa akiwa safarini. Hakikukoma hapo. Watu wale wale walioyaacha matuta ya amri walirudi kuchimba kwa hiari yao, katika makundi ya mwethya ambayo ni desturi ya Wakamba ya kusaidiana kazi kwa zamu, na wengi waliokuwa wakishika jembe na sururu walikuwa wanawake. Safari hii hawakuchimba matuta membamba yaliyopendwa na maafisa, bali walieneza aina waliyoiona wenyewe kuwa inawafaa, ile ijulikanayo kwa jina la fanya juu.

Matokeo yake yameandikwa. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu mwaka 1994 wakieleza habari za Machakos tangu miaka ya 1930 hadi 1990, muda ambao watu wa wilaya hiyo waliongezeka zaidi ya mara 5, na ilhali wataalamu wa zamani walidhani kuwa wingi wa watu ungeiua ardhi ile, thamani ya mavuno kwa kila hekta iliongezeka takriban mara 10. Mengine yaliyochangia yapo, kama kahawa, barabara, soko la Nairobi na fedha za waliokwenda kufanya kazi mijini, wala sitaki kuwadanganya kuwa jembe peke yake lilitenda yote. Hata hivyo hakuna mvuno katika mteremko uliochukuliwa na maji, na mteremko ule ulizuiliwa asubuhi kwa asubuhi.

Naomba tuitazame kazi yenyewe, maana ndani yake mna ilimu ambayo siioni katika vitabu vingi vya kuhimiza watu. Mchimbaji wa fanya juu hufuata mstari uliopimwa ukikingamana na mteremko, akachimba mtaro, na udongo anautupa upande wa juu ukawa ukingo, kisha hupanda nyasi juu ya ukingo huo zikaushika. Basi. Shamba halisawazishi yeye. Mvua inaponyesha hushuka na udongo, udongo ukazuiliwa na ukingo, na msimu baada ya msimu ardhi iliyo kati ya ukingo na ukingo hujilaza yenyewe mpaka ikawa tambarare kama ngazi. Ndivyo ilivyo ada njema: mwenyewe huchukua jukumu la kipande kidogo kilicho katika uwezo wake, na sehemu kubwa ya badiliko hufanywa na siku zinazopita. Vijana wengi huchoka kwa sababu wamejitwika kulisawazisha shamba zima kwa mkono katika mwezi wa Januari.

Tena, ni nini kilichomtoa mwanamke wa mwethya nyumbani alfajiri, na mtoto mgongoni? Sidhani kwamba kila siku aliamka na furaha ya kuchimba. Siku ilikuwa inajulikana, kipande chake kilikuwa kimepimwa, wenziwe wangeona pengo lake, na alijua kwamba zamu itazunguka mpaka ifike shambani kwake. Mambo haya yakiwapo, ari hata ikiwa haba kazi hutendeka, na kazi ikitendeka ari huzaliwa, kwa kuwa hakuna kinachompa mtu moyo kuliko kuuona mtaro aliouchimba juzi umeshika maji ya jana.

Wataalamu wa London walilichungua jambo hili kwa njia yao. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuata watu 96 waliojichagulia kila mmoja tendo dogo la kila siku, kama kunywa maji baada ya chakula au kukimbia kabla ya cha jioni, na wakakadiria kuwa wastani wa siku za tendo kugeuka mazoea ni 66, ila tofauti ilikuwa kubwa mno, wako waliohitaji 18 na wako ambao hesabu yao ilifika 254. Ile kauli ya siku 21, inayorudiwa katika kila mkutano wa kuhimizana, chimbuko lake ni maneno ya daktari wa upasuaji wa Marekani, Maxwell Maltz, katika kitabu chake cha mwaka 1960, naye alikuwa akisimulia jinsi wagonjwa wake walivyozizoea sura zao mpya! Lililonifurahisha zaidi katika uchunguzi wa London ni kwamba kukosa siku moja hakukuivunja ada. Taksiri ya siku moja ni jambo la kibinadamu; hatari imo katika kuifanya kuwa hoja ya kuacha. Na waja wa Mungu waliosoma dini wanakumbuka mafundisho ya Mtume kwamba amali ipendezayo ni ile idumuyo, ijapokuwa ndogo.

Atasema msemaji kwamba maisha ya sasa hayana alfajiri moja, na kweli anasema. Mfanyakazi wa eneo la viwanda vya kuuza nje, au wa viwanda vya saruji, juma hili huingia mchana na juma lijalo usiku, kisha hukwama Mlolongo katika msongamano wa magari. Ukimwambia asome kila siku saa kumi na moja alfajiri umemwekea mtego. Mtu wa namna hii na alifungamanishe tendo lake na jambo lisilokosa kutukia, iwe saa yoyote: akisha kuvua viatu vya kazi, kurasa mbili, akisha kupokea mshahara, kabla ya deni lolote, fedha ya akiba. Mwandishi Shaaban Robert naye alikuwa karani wa serikali, tangu idara ya forodha alikoanza mwaka 1926, na kazi ya ofisi haikumwachia mchana wa kuandika. Alifariki mwaka 1962 ameacha vitabu zaidi ya 20. Sielewi vipi hesabu hiyo ingepatikana kwa mtu angojaye wasaa.

Malengo makubwa sina uadui nayo. Wanachama wa chama cha wapanda milima cha Kenya huja kwenye majabali haya ya Lukenya kufanya mazoezi katika njia fupi fupi, ilhali nia yao iko Mlima Kenya. Mwenzao mmoja, Ian Howell, mwaka 1970 alikipanda kilele cha Nelion cha mlima huo peke yake mara 13 akibeba vifaa vya kujengea kibanda, na kibanda hicho kidogo kimekuwa hifadhi ya wapandaji tangu hapo. Azma ilikuwa kibanda. Lakini kila safari ilikuwa na mzigo wake, nao ulipimwa kwa nguvu za mtu mmoja.

Kwa hiyo ombi langu kwenu, na hasa kwa wakuu wa vikundi na walimu, ni hili: kabla hamjapanda magari jioni ya leo, kila mmoja achague tendo moja tu, alitaje litafuata jambo gani katika siku yake, na amteue humu ukumbini mtu wa kumwuliza habari zake kila Ijumaa. Mkuu wa kikundi asimchagulie mwenziwe tendo, hata kama ana hakika analijua linalomfaa. Na waandaaji watakapotuita tena, watuulize kwanza ni lipi tunalolitenda bado, ndipo waulize habari za malengo.