Dalali, Cha Juu na Muuzaji Mwenye Haraka

Haya ni maelezo ya afisa wa habari wa kaunti kwa vijana wanaotaka kuanza kazi ya udalali wa ardhi Kilifi. Tumeyachapisha kwa faida ya wakaazi ambao hawakuweza kufika ukumbini.



Wengi wenu mmeniambia mmetazama video za Wamarekani wanaofundisha kupata pesa kwenye nyumba bila mtaji. Mpango wao ni huu. Unamtafuta mwenye nyumba aliyebanwa na shida, unatia naye sahihi mkataba wa bei ya chini, kisha unauuza mkataba wenyewe kwa mtu mwenye pesa. Tofauti ya bei inabaki mfukoni mwako. Nyumba hukuinunua wala hukuiuza, umeuza karatasi. Video hizo hazielezi sana kwamba hata huko sheria zimeanza kukaza. Jimbo la Illinois lilibadilisha sheria yake mwaka 2019, na anayefanya hivyo zaidi ya mara moja katika miezi 12 anatakiwa awe na leseni. Oklahoma ikatunga sheria yake mwaka 2021, na jina lake tu linawaita watu hao wawindaji.

Kwetu biashara hii si ngeni. Tunaiita cha juu. Mzee anataka laki nne, dalali anamwambia mnunuzi laki sita na nusu, na anafanya kila awezalo wawili hao wasikutane. Naomba tuanzie hapo, kwa sababu cha juu ndicho kinachoharibu kazi ambayo ingeweza kuwalisha.

Kwanza, sheria. Kenya ina Sheria ya Mawakala wa Nyumba na Ardhi, Sura 533, tangu miaka ya themanini, na ina bodi inayosajili mawakala hao. Kujiita wakala na kulipwa kwa kuuza ardhi ya watu bila kusajiliwa ni kosa. Najua nusu ya waliomo humu ukumbini wanafanya hivyo kila wiki. Njia ya anayeanza si kujificha. Tafuta wakala aliyesajiliwa, fanya kazi chini yake, yeye atie sahihi nawe umletee wauzaji na wanunuzi. Kamisheni mtakayogawana itakuwa ndogo kuliko cha juu, lakini unaweza kuidai kortini. Cha juu huwezi kukidai popote.

Pili, hesabu. Chukua kiwanja kitupu cha mjini, tuseme Mtwapa. Mama mwenye kiwanja anataka milioni 3.2. Wewe unampata mnunuzi wa milioni 4.5, na mkataba kwa wakili unaandikwa 4.5 kwa sababu ndiyo pesa mnunuzi anayotoa. Mama hajui. Lakini kodi ya faida ya mtaji, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida, hulipwa na muuzaji, na hukokotolewa kutokana na bei ya mkataba. Kwa ile milioni 1.3 iliyoingia kwako, mama anadaiwa kodi ya shilingi 195,000. Analipa kodi ya pesa ambayo hakuiona. Siku hiyo ndipo anapokuja nyumbani kwenu na watoto wake.

Kinyume chake, ukiandikiana na mama kamisheni ya asilimia fulani, mnunuzi akijua na wakili akijua, mkutano wa muuzaji na mnunuzi haukutishi tena. Unawaleta mezani mwenyewe, unakaa, unakunywa chai.

Sasa tuje kwa muuzaji mwenye haraka, maana ndiye mnayemtaka. Nani huuza ardhi kwa haraka Kilifi? Aliye na mgonjwa ambaye hospitali haimruhusu kutoka mpaka bili ilipwe. Aliye na mtoto aliyeitwa chuo na karo haipo. Aliyekopa benki kwa hati, na sasa dalali wa mnada ametangaza. Ndugu watano waliorithi na wanaishi sehemu tano tofauti, mmoja Nairobi, mmoja Doha. Hawa wote ni wauzaji halali, na kumsaidia mmoja wao kupata mnunuzi wa kweli ndani ya mwezi mmoja ni huduma. Nimewahi kusikia dalali mkongwe akisema kwamba haraka ya muuzaji ni deni juu ya dalali. Nadhani ana haki: mtu aliyebanwa hana nafasi ya kuuliza maswali, kwa hiyo maswali yake inabidi uyaulize wewe.

Muulize anahitaji kiasi gani na lini. Mara nyingi utakuta anahitaji laki mbili na anataka kuuza ekari mbili. Mwambie auze robo, au mpeleke kwa mtu wa kukodi shamba. Utapoteza kamisheni kubwa leo, na utakuwa dalali ambaye kijiji kizima kinampigia simu. Muulize pia mwenzake yuko wapi. Mali ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mume na mke, na mume anayekutaka uje jioni kimyakimya wakati mkewe yuko sokoni hana ardhi ya kuuza. Ana ugomvi wa kuuza.

Kuna haraka ya aina nyingine, na hapa sitazunguka. Katika kaunti hii wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na nyuma ya baadhi ya vifo hivyo kulikuwa na shamba. Kijana akikufuata akasema, tafuta mnunuzi, mzee wetu si wa kukaa sana, hujapata muuzaji. Umesikia habari ambayo inafaa ifike kwa chifu au polisi siku hiyo hiyo. Usichukue namba ya shamba wala usilete mnunuzi kuja kuangalia. Mnunuzi anayesubiri ndiye anayempa kijana yule sababu ya kuharakisha.

Hata mzee akifa kifo cha kawaida, shamba halijawa la watoto kwa sababu ya matanga. Sheria ya Urithi, Sura 160, inakataza kuuza ardhi ya marehemu kabla korti haijathibitisha hati ya usimamizi wa mirathi. Anayeingilia mali ya marehemu bila mamlaka anaweza kutozwa faini hadi shilingi 10,000, au kifungo hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Barua ya chifu husaidia kufungua kesi ya mirathi. Haiuzi shamba. Mkipenda kutafuta ardhi ya mirathi kwa njia safi, someni Gazeti Rasmi la Serikali linalotoka Ijumaa. Humo mna matangazo ya mirathi, yenye siku 30 za pingamizi, na ya hati zilizopotea, ambayo hukaa siku 60. Ukiona hati ya muuzaji wako imetangazwa kupotea naye anakuonyesha mkononi, simama kwanza.

Kabla ya kutangaza kiwanja chochote, fanya sachi rasmi kwenye masjala ya ardhi. Itakuonyesha jina la mwenyewe, deni la benki kama lipo, na zuio kama limewekwa. Hati nyingi za ukanda wa pwani zenye herufi C.R. ni za masjala ya Mombasa, msichoke kwenda huko.

Lakini sachi haioni kila kitu, na hapa Pwani ndipo wageni wanapoumia. Malindi na miji mingine ya kale kuna nyumba bila ardhi: anayeuza ni mwenye kuta na paa, na udongo ulio chini ni wa mwingine. Kaloleni na Rabai, minazi inaweza kuwa ya huyu na shamba la yule, au minazi iliwekwa rehani zamani na wazee wanakumbuka kwa nani. Kwenye skimu za makazi kama Magarini, Ngerenya na Mtondia, wapo wenye barua za ugawaji tu ambao hawajamaliza deni la mfuko wa makazi. Barua hiyo si hati miliki. Nenda shambani mchana, tembea mipakani na jirani wa kila upande, uliza makaburi yako wapi. Ukiona koma au vigango, kaa na ukoo kabla ya kukaa na mnunuzi. Na misitu ya kaya haiuzwi, hata akija mtu na karatasi yenye mihuri mitatu.

Mkataba lazima uwe wa maandishi, wenye sahihi za pande zote na mashahidi. Shamba la kilimo linahitaji pia kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi, na ombi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Bila kibali hicho mauzo ni batili na mnunuzi ana haki ya kudai pesa zake. Mnajua atamdai nani kwanza.

Kuhusu pesa nitasema jambo moja tu. Pesa ya ardhi isipite kwenye simu yako. Si kwa saa moja, si kwa sababu muuzaji hana akaunti. Desturi ni asilimia 10 siku ya kutia sahihi na salio ndani ya siku 90, kupitia kwa mawakili. Hili liwe kali zaidi kwa ndugu zetu walio Saudia, Qatar na Dubai, ambao hutuma mshahara wa miaka kununua kiwanja wasichokiona. Mtu wa namna hiyo ahimizwe kuweka mwakilishi kwa hati ya uwakilishi iliyosajiliwa, na mwakilishi huyo asiwe wewe.

Kwa upande wa serikali ya kaunti, mambo mawili yanapita kwetu: cheti cha kulipa ada za ardhi, na idhini ya kugawa kiwanja. Muuzaji mwenye malimbikizo ya ada hawezi kuhamisha, kwa hiyo ulizeni deni hilo mapema na mlihesabu ndani ya bei. Na anayekata ekari moja kuwa viwanja vinane bila idhini ya mipango ya ardhi anawauzia watu viwanja ambavyo huenda visipate hati. Hati zenyewe na masjala viko chini ya serikali ya kitaifa, msije kutulaumu kwa foleni ya huko.

Maswali sasa. Naona dada pale nyuma aliinua mkono nilipotaja nyumba bila ardhi. Karibu, tuanze na wewe.