Nauli Uliyokwisha Kuilipa: Kodi Zetu na Usafiri wa Umma katika Eneo la Puget Sound



Nimeombwa nizungumzie mabasi na treni zinazotuhudumia katika kaunti za King, Pierce na Snohomish, na hasa fedha zinazoviendesha vyombo hivyo. Najua neno kodi halivuti wasikilizaji. Hata hivyo, mwenye risiti ya duka mfukoni na aitoe.

Tazameni karibu na mwisho wa risiti. Kwa mkazi wa Kent au Tukwila, nguo au vyombo vya dola 100 hutozwa kodi ya mauzo inayozidi dola 10. Ndani ya kodi hiyo mna senti 90 za King County Metro, inayoendesha mabasi ya kaunti, na dola 1 na senti 40 za Sound Transit, shirika la kaunti zote tatu lenye treni nyepesi na mabasi ya miji ya mbali. Jumla ni dola 2 na senti 30. Aliyemnunulia mtoto viatu vya shule amekwisha kuchangia basi, hata kama siku hiyo alikwenda dukani kwa miguu. Vyakula vingi vya kupikwa nyumbani havitozwi kodi ya mauzo katika jimbo la Washington, kwa hiyo unga na mchele wenu haukulipia treni yoyote.

Mwenye nyumba huchangia pia kwa kodi ya mali. Mwenye gari huchangia kila mwaka anapohuisha usajili, kwa asilimia 1.1 ya thamani ya gari, na hapa ndipo malalamiko mengi hutokea. Thamani hiyo haikadiriwi kwa bei ya sokoni, bali kwa jedwali la kisheria la miaka ya 1990, ambalo huyapa magari yasiyo ya zamani sana thamani kubwa kuliko ile ambayo mnunuzi angekubali kuilipa. Mimi mwenyewe naona jedwali hilo halikuwatendea haki wenye magari. Lakini shauri lilifika Mahakama ya Juu ya jimbo, nayo mwaka 2020 iliamua kwamba utaratibu huo ni halali. Mwaka huohuo Mahakama ilibatilisha pendekezo la wapiga kura la mwaka 2019 lililotaka ada ya gari ishushwe hadi dola 30. Basi akija mtu kukuambia kwamba kwa malipo kidogo atakupatia usajili wa dola 30, usimpe fedha yako. Jambo la kuangalia ni anwani: kodi hii huwahusu wanaoishi ndani ya mipaka ya Sound Transit tu. Aliyehamia nje ya mipaka na abadilishe anwani katika usajili wake.

Mtauliza kwa nini mzigo huu uwe wetu na si wa serikali kuu. Mwaka 1968 wakazi wa King waliombwa waidhinishe fedha za reli ya mjini, na serikali kuu ilikuwa tayari kutoa sehemu kubwa ya gharama. Waliokubali walizidi nusu, lakini sheria ilidai asilimia 60. Pendekezo likaanguka, likaanguka tena mwaka 1970, na fedha za serikali kuu zikaelekezwa Atlanta, ambako leo watu wanapanda treni iliyojengwa kwazo. Kwa kawaida serikali kuu huchangia pale ambapo wenyeji wametanguliza chao. Mwaka 1972 wapiga kura walikubali kodi ya mauzo kwa ajili ya mabasi. Mwaka 1996 waliidhinisha mpango wa kwanza wa Sound Transit, nao wa tatu ukapita mwaka 2016. Katika kura hiyo ya mwisho kaunti ya Pierce ilikataa, lakini kura zilihesabiwa kwa eneo zima, na wakazi wake wakaingia katika kodi pamoja na wengine. Wanachokingiwa nacho ni kanuni ya shirika kwamba fedha za kila sehemu zitumike kwa manufaa ya sehemu hiyo.

Kodi ya namna hii ina udhaifu wake. Biashara ikizorota, watu hununua kidogo, na mabasi hupungua wakati ambapo wengi wanayahitaji zaidi. Mwezi Aprili 2014 wapiga kura wa King walikataa nyongeza, na Septemba Metro ikafuta njia 28. Waliokuwa na gari waliendelea na safari zao.

Sasa nifike kwenye neno lililonileta. Mara nyingi nimewasikia wazazi wenye kipato kidogo wakisema hawataki kadi ya nauli nafuu, ORCA LIFT, kwa kuwa hawapendi kupokea sadaka. Ndugu zangu, si sadaka. Mwenye kipato kidogo hutumia sehemu kubwa ya mshahara wake madukani, kwa hiyo katika kila dola anayoipata, sehemu inayokwenda kwenye kodi ya mauzo ni kubwa kuliko ya tajiri. Mtu mzima hulipa dola 3 kupanda treni nyepesi. Mwenye LIFT hulipa dola 1. Anayekwenda na kurudi kazini siku 22 kwa mwezi hubakiwa na dola 88. Kadi hii ni haki ya kila ambaye kipato cha kaya yake hakizidi mara mbili ya kiwango cha umaskini cha serikali kuu. Vijana hadi umri wa miaka 18 hawalipi kitu.

Kadi ya ORCA ina faida nyingine. Ukishuka katika basi la Pierce Transit na kupanda la Metro ndani ya saa mbili, nauli ya kwanza huhesabiwa katika ya pili. Anayelipa kwa fedha taslimu hulipa upya kila avukapo kutoka shirika moja kwenda jingine.

Nimeulizwa pia na wasio raia: sisi tunatozwa, na kura hatuna. Ni kweli. Lakini Bodi ya Sound Transit ina wajumbe 18, na 17 kati yao ni mameya, madiwani na viongozi wa kaunti waliochaguliwa hapahapa. Mikutano yao iko wazi, na anayesimama kutoa maoni kuhusu njia ya basi haombwi kuonyesha kadi ya kupigia kura.

Fomu za LIFT ziko kwenye meza iliyo karibu na mlango. Aliyekuja na kitambulisho na uthibitisho wa kipato, au kadi yake ya msaada wa chakula, atasaidiwa kuijaza leo. Wengine tuanze na maswali.