Fungu la Nyaya la Kuchomeka: Kubadili Alternata ya Gari la Zamani bila Kukata Waya wa Gari

Mazungumzo ya fundi umeme wa magari mbele ya wakazi wa Kata ya Katumba Songwe, Wilaya ya Kyela

Mimi nimezoea kusema nikiwa nimelala chini ya gari, kwa hiyo mtaniwia radhi nikionekana kuyatafuta maneno.

Huenda yuko anayejiuliza alternata ya gari la mtu binafsi imeingiaje katika mkutano wa kata. Kakao yetu haijipeleki yenyewe kwenye ghala la AMCOS, wala mpunga haupandi mwenyewe kwenda Uyole. Vinabebwa, tena aghalabu na magari ya umri wangu: Land Cruiser za mwili wa zamani, Stauti, Hilux za mwanzo. Na magari hayo hayo ndiyo ambayo sisi sote humgongea mwenyewe mlango usiku wa Aprili, mvua ikinyesha na mgonjwa amezidiwa. Taa za gari la namna hiyo si mali ya mwenyewe peke yake.

Nianze na kosa langu. Katika mwaka wangu wa pili wa kazi nililetewa pikapu ya petroli ambayo alternata yake ilikuwa imekufa. Nikapata alternata ya toleo jipya zaidi, lakini plagi yake haikulingana na soketi ya gari. Sikuwa na subira. Nilichukua koleo, nikakata nyaya za gari, nikazisokota na zile za alternata kwa vidole, na kwa kuwa tepu ilikuwa imeniishia, nikafunga viungo kwa nailoni. Taa nyekundu ya betri ilizimika, mwenye gari akanilipa, tukaagana vizuri.

Wiki ya tatu, pikapu ile ilikodiwa usiku kumbeba mama mjamzito. Maji yakaingia katika viungo vyangu. Alternata ikaacha kuchaji, taa zikafifia kama kibatari kinachoishiwa mafuta, na dereva akalazimika kuzizima kabisa ili umeme uliosalia katika betri utoshe kuwasha cheche za injini. Utingo akatangulia kwa miguu na tochi, akiutafuta ukingo wa barabara ndani ya maji, gari likimfuata nyuma. Walifika alfajiri. Mama alipona, mtoto hatukumpata. Hakuna aliyenilaumu, na waliomhudumia walitaja sababu nyingine. Lakini asubuhi ile mimi ndiye niliyefungua boneti, na niliiona nailoni yangu ilivyokuwa. Tangu siku hiyo sijakata tena waya wa gari la mtu.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Kwanza, kwa nini mtu abadilishe alternata nzima badala ya kuitengeneza ile ya zamani? Hesabu yake ni hii. Taa mbili kubwa za mbele zenye wati 60 kila moja hula ampea 10 kwenye umeme wa volti 12. Vijana wetu huongeza taa mbili za kumulika mbali, wati 100 kila moja: ampea 17 nyingine. Mota ya waipa ampea 5 hivi, taa ndogo zote pamoja ampea 3, na dereva akikanyaga breki, taa za nyuma zinaongeza karibu ampea 4. Tumefika 39, na redio bado haijawashwa. Alternata nyingi za magari hayo zilikuwa za ampea 40 tu, nazo hutoa hizo 40 injini ikiwa katika mwendo wa kasi. Kwenye tope, gari likitambaa kwa gia ya kwanza, hutoa pungufu sana. Upungufu wote huo hulipwa na betri, na betri haikopeshi usiku kucha.

Alternata za Toyota za miaka iliyofuata, zile zenye katauti yake ndani, hutoa ampea 60 hadi 80 na zinapatikana Mbeya mjini kwa wauza spea za mitumba. Hapo ndipo lilipo tatizo la plagi. Katika gari la zamani, katauti, yaani kidhibiti cha umeme, ni kisanduku kilichofungwa peke yake kwenye bodi, nacho kimechomekwa kwenye soketi yenye matundu sita. Alternata mpya ina tundu la plagi lenye ncha tatu tu. Nyaya sita hukutana na ncha tatu, na fundi asiye na subira hutoa koleo.

Kabla hujanunua chochote, naomba mambo mawili yathibitike, na la pili nitalikazia.

La kwanza ni volti. Malori mengi makubwa, na hata baadhi ya Land Cruiser za dizeli, hutumia volti 24. Soma kibao cha alternata na uhesabu betri namna zilivyounganishwa. Ninayoyaeleza hapa ni ya gari la volti 12.

La pili ni breki. Ndiyo, breki. Katika magari mengi ya dizeli, nyuma ya alternata pamefungwa pampu ndogo inayozungushwa na mhimili huo huo. Kazi yake ni kunyonya hewa ili sevo ya breki ipate nguvu ya kumsaidia dereva. Ukiing'oa alternata hiyo na kuweka isiyo na pampu, gari litawaka vizuri, taa zitang'aa, na utajisifu. Kisha litapakia mzigo Tukuyu na kuanza kuteremka kuja huku bondeni, na dereva atakanyaga pedali ngumu kama jiwe. Nimeulizwa mara nyingi kama pampu hiyo inaweza kuzibwa ili kuokoa fedha. Siwezi kuizungumza hoja hiyo hata kwa mzaha. Alternata ya gari la dizeli lenye pampu ibadilishwe kwa alternata yenye pampu, au ibaki ile ile.

Sasa, fungu la nyaya. Hili nililoshika ni la Stauti ya petroli. Upande huu lina plagi ya matundu sita, upande huu plagi ya matundu matatu, na katikati nyaya tatu ndani ya bomba la plastiki lenye mikunjo. Halikukatwa kutoka kwenye gari lolote. Plagi hii ya sita imetoka kwenye katauti iliyokufa. Katauti nyingi za zamani zina nyaya fupi zinazoishia kwenye plagi, na gereji yoyote ina ndoo ya katauti mbovu. Hizo ndizo za kukata. Plagi ya tatu idai kwa muuzaji siku ile ile unaponunua alternata, ikiwa na nyaya zake walau shubiri moja, kwa maana ukirudi kesho atakuuzia kama kitu kingine.

Kwenye plagi ya katauti kuna herufi, nazo huwa zimepigwa chapa kwenye kisanduku chenyewe: B, IG, L, N, F na E. Kwenye alternata mpya kuna S, IG na L. IG huenda kwa IG: huo ni umeme unaokuja funguo inapowashwa. L huenda kwa L: huo ni waya wa taa nyekundu ya betri kwenye dashibodi. B huenda kwa S: ni umeme wa betri usiozimika, ambao katauti ya ndani huutumia kupima hali ya betri. F, N na E hazina kazi katika alternata mpya, kwa hiyo matundu yake matatu yabaki matupu. Ila fuatilia waya wa N kabla ya kuusahau. Katika baadhi ya magari una tawi linalolisha kifaa kingine, na kifaa hicho kitakoma.

Usiniamini mimi wala usiamini herufi. Chukua testa, chomoa katauti, pima soketi ya gari. Tundu la B lisome volti za betri hata funguo ikiwa mfukoni. Tundu la IG lisome funguo ikiwashwa tu. Likisoma wakati wote, kuna fundi mwenye koleo aliyekutangulia. Tena linganisha usomaji wa B na volti kwenye betri yenyewe. Tofauti ikizidi volti 0.2, waya huo umechoka, na katauti itadhani betri ina njaa kuliko ilivyo, iichaji kupita kiasi mpaka maji yake yachemke. Hapo vuta waya mpya wa S moja kwa moja hadi betri, wenye fyuzi yake ndogo.

Kwa nyaya hizi tatu, unene wa milimita 2.5 za mraba unatosha sana. Tumia rangi tatu tofauti hata kama duka lina nyekundu tupu. Atakayefungua boneti baada yako huenda ni mtu mwingine, usiku. Pima urefu kwa kamba kwanza, ukipita mbali na bomba la moshi, na uache ulegevu, kwani injini hutikisika na bodi haitikisiki kwa namna ile ile. Viungo vibanwe kwa koleo la kubania vichwa vya waya. Kusokota kwa vidole sikutaji tena. Kisha vifunikwe kwa mpira na tepu, na ndani ya plagi pakwa vaselini kidogo. Kwa unyevu wa Kyela, shaba isiyopakwa kitu hugeuka kijani upesi.

Waya wa nne haumo katika fungu hili, nao ndio mnene kuliko yote: ule unaotoka kwenye skrubu kubwa ya B nyuma ya alternata kwenda betri. Wa zamani ulipimwa kwa ampea 40. Ukiupitishia 80 utapata joto hadi ngozi yake iyeyuke, na katika magari mengine waya huo hupita ndani ya kipimo cha ampea kwenye dashibodi, kwa hiyo moto huanzia mbele ya magoti ya dereva. Weka mpya wa milimita 16 za mraba hadi betri, na fyuzi ya ampea 100 karibu na betri. Ule wa zamani uondoe kwenye skrubu, ufunike ncha yake vizuri na uifunge pembeni. Kumbukeni kwamba ncha hiyo bado ina umeme wa betri hata ikilala peke yake. Kipimo cha ampea hakitasema kweli tena. Afadhali uweke cha volti.

Fungua hasi ya betri kabla ya kazi, na uirudishe mwisho. Usichomoe betri injini ikiunguruma, kama tulivyofundishwa enzi za dinamo. Alternata yenye katauti ndani inaweza kufa papo hapo. Kaza mkanda, kwa sababu alternata kubwa huuvuta zaidi, nao ukilegea hupiga kelele na kuteleza wakati ule ule unapouhitaji.

Funguo ikiwashwa kabla ya injini, taa nyekundu sharti iwake. Isipowaka, tazama balbu kwanza. Injini ikiwaka, taa izimike, na testa kwenye betri isome kati ya volti 13.8 na 14.4. Kisha subiri giza. Washa kila kitu, taa, waipa, redio, mtu akanyage breki, injini iwe katika mwendo wa kawaida, na upime tena. Ikishuka chini ya 13, kazi haijaisha, hata mwenye gari akiwa na haraka ya kuondoka.

Vijana wa gereji wameniuliza watapata wapi koleo nzuri na testa. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi, asilimia 4 ikiwa ya vijana, 4 ya wanawake na 2 ya watu wenye ulemavu. Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata yupo hapa, mwoneni kabla hajaondoka. Kwa mafunzo ya darasani, VETA iko Mbeya.

Katauti nzima uliyoichomoa usiitupe. Ifunge kwenye mfuko, iweke chini ya kiti pamoja na jeki. Alternata mpya ikikufia njiani na ya zamani ikapatikana, utachomoa fungu hili, utachomeka katauti, utarudisha waya wa zamani kwenye skrubu, na gari litakuwa kama lilivyotoka kiwandani, maana hakuna waya wake uliokatwa.

Naliweka hapa mezani. Pitishaneni, mlivute, mlifungue plagi zake. Atakayeliona kiungo kilicholegea anionyeshe, kisha tuanze maswali.