Mnyororo Usiokufa

Vijana wa sayansi, sisi tulikariri kwamba mnyororo wa polima hukua kisha hufa. Mwaka 1956, huko Syracuse, Marekani, Michael Szwarc alionyesha usiokufa. Alitia stairini katika myeyusho wa kijani wa sodiamu na naftalini, ukageuka mwekundu. Chaji hasi ilikaa mwishoni mwa mnyororo, ikinasa molekuli moja baada ya nyingine. Stairini ikaisha, wekundu ukabaki. Alipoongeza nyingine, minyororo ile ile ikarefuka. Chaji hasi hufukuzana, ndiyo maana minyororo haiuani. Baadhi ya soli za viatu leo huundwa hivyo, kwa stairini na butadieni.

Adui ni maji: matone machache huzima wekundu wote. Basi mwalimu akiwarudisha mkakaushe chupa tena, msinune. Chuoni mimi nilinuna, nikaharibu jaribio la wiki nzima.